Maji Ndani ya Vitamini Kavu

Shemeji yangu ameumbuka! Ameumbuka mchana kweupe, kwenye ukumbi wenye projekta na maji ya chupa, mbele ya watu arobaini na wawili niliowahesabu mmoja mmoja kwa raha zangu. Na aliyemuumbua ni mimi. Nilikuwa safu ya tatu, nimetulia kama bibi harusi, na sikupandisha sauti hata kidogo.

Ngoja nianze mwanzo, maana nikirukia kwenye utamu tutapotezana.

Mimi nasoma shahada ya pili, na kazi ya maabara yetu ni kujua vitu vimejipangaje kwa ndani. Ukiwa na fuwele moja kubwa, safi, kama punje ya sukari, kazi ni nyepesi: unaipiga eksirei, inakujibu peke yake, mnaelewana. Vitamini yangu haina adabu hiyo. Ni ya kundi B, ya manjano, manjano ya kung'ang'ania mpaka chini ya kucha, na lile umbo lake kavu, lisilo na maji ndani, halikubali kukua. Ukilibembeleza wiki nzima linakupa vumbi. Basi unalisaga hilo vumbi kwenye kinu kidogo cha jiwe, unalijaza ndani ya kibomba cha kioo chembamba kama unywele, unakipachika kwenye mashine, mashine inakizungusha huku inakipiga eksirei, na punje zote zinajibu kwa mpigo. Ni kama kuingia darasani mwalimu akiwa ametoka. Kinachotoka ni mstari mmoja wenye vilele, virefu na vifupi, kila kimoja na digrii yake. Sasa wewe, kutoka kwenye kelele hizo, uje useme: molekyuli zinakaa kwenye kisanduku chenye upana huu na urefu huu, zimelala hivi, zimeegemeana hivi. Nimehangaika nayo miaka miwili.

Mwanzo wa mwaka Profesa alituita ofisini. Profesa ni mwanamke mfupi mwenye sauti ndogo, na hiyo sauti ndogo ndiyo inayotisha, maana inabidi usogee karibu.

"Nafasi ya utafiti iliyobaki ni moja," alisema, "na ninyi ni wawili. Atakayenifungulia hii ya manjano ndiye atakayebaki kwangu. Mwingine tutaagana vizuri."

Wawili wenyewe ni mimi na shemeji. Mume wa dada yangu, wa tumbo moja. Yeye alikuwa mwaka wa saba wa udaktari ambao watu humaliza kwa minne. Ukimuuliza tasnifu imefikia wapi anasema, "Bado kidogo," kwa hiyo kwenye korido walimwita Bado Kidogo. Mbele yake walimwita Daktari, na alikuwa anaitika.

Nisimnyime haki yake, ndiye aliyenileta pale maabara, na ndiye aliyenionyesha jinsi ya kukigonga kibomba taratibu kwa ukucha mpaka unga ushuke bila kuacha mapengo. Ana mikono mizuri. Tatizo lake hana subira. Akikaa mbele ya vilele dakika ishirini anakumbuka ana miadi mahali.

Nilikuwa naishi kwao, chumba cha nyuma kinachokaa meza ya kupigia pasi na mimi. Dada yangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Jioni anakaa upande mmoja wa meza ya kulia anasahihisha madaftari, mimi nakaa upande wa pili na kompyuta yangu, shemeji anapita katikati akiuliza, "Vipi shemeji, imekubali?" Nami mjinga, kwa sababu ni mtu wa nyumbani, nikawa namwambia kila kitu. Imekubali, shemeji! Nimepata vilele safi! Kisanduku nakaribia kukipata! Halafu naenda kuoga naacha kompyuta wazi. Nani anafunga kompyuta ndani ya nyumba ya dada yake?

Jumatano ya wiki ya juzi nikapita kwenye ubao wa matangazo, nikasoma hivi: Alhamisi ya wiki ijayo, saa nne asubuhi, wageni kutoka kiwanda cha dawa watakuwepo, mada ni muundo wa vitamini ya manjano katika umbo lake kavu, mtoa mada ni... Nikasoma jina. Nikalisoma tena. Nikageuka kuangalia nyuma yangu, kana kwamba kuna mtu mwingine ubao ulikuwa unamwambia.

Asubuhi yake nilikuwa mlangoni kwa Profesa kabla hajafungua.

"Zile data ni zangu," nikasema. "Mimi ndiye niliyesaga, mimi ndiye niliyepima."

"Mashine ni ya maabara," akasema. "Faili zina namba, hazina majina. Yeye ameniletea kisanduku na ameniletea molekyuli ndani yake. Wewe umeniletea nini?"

"Nakaribia."

"Anasema mlikuwa mnafanya pamoja nyumbani."

"Hatukufanya pamoja!"

"Una kitu cha kunionyesha?"

Sikuwa nacho. Daftari langu lina tarehe na namba za vipimo, lakini halisemi nani alinakili nini mezani kwa dada yangu. Profesa akavua miwani, akaifuta, akanitazama kwa namna ambayo si ya ubaya wala ya huruma.

"Siwezi kumhukumu mtu kwa hasira yako," akasema. "Njoo Alhamisi. Wageni wanataka kujua kwa nini vidonge vyao vinavunjikavunjika. Sikiliza, uliza."

Nikarudi nyumbani nimevimba. Ijumaa nikambana dada jikoni, anaosha vyombo.

"Dada, mumeo ameniibia."

"Ameiba nini?"

"Kazi yangu. Vipimo vyangu vyote."

Hakugeuka. "Mdogo wangu, kitu ukishampa mtu usikirudie."

"Nani kampa?"

"Yeye anasema ulimpa. Anasema ulimwambia, shemeji chukua, wewe ndiye unayefukuzwa na muda. Nami nilifurahi, nikasema mdogo wangu ana moyo. Sasa leo unaona jina lake ubaoni ndiyo moyo umekwisha?"

"Dada! Sikumpa! Nitampaje?"

"Basi nimwamini nani, na nyote wawili mnakula kwenye meza yangu?" Akaniwekea sahani mkononi nifute. "Mwachie. Miaka saba, mwenzio ameota mvi. Wewe mdogo, utapata nyingine."

Nikaifuta ile sahani mpaka nikaona uso wangu. Ndugu zangu, nimeshawahi kukasirika, lakini ile ya Ijumaa ilikuwa ya aina nyingine. Haikunifanya nilie. Ilinifanya niwe mpole. Nikamwambia dada, "Sawa," na nikalala usingizi mzuri kabisa.

Jumamosi asubuhi shemeji mwenyewe akaja mezani na bahasha. Amevaa kaptura, amenyoa, ananukia.

"Shemeji yangu wa damu," akasema.

"Shemeji wa damu yupoje?"

"Wewe huyo. Najua umekasirika kidogo."

"Mimi? Hapana."

"Hii kazi ni ya familia. Mimi nikipita, wewe umepita. Nikikaa vizuri pale nitakuvuta." Akasukuma bahasha. "Wewe lugha yako nzuri kuliko yangu. Nipitishie macho hizi slaidi, usahihishe. Koma, nukta, mambo hayo."

Yaani mtu ameniibia shati, halafu ananiletea nimpigie pasi! Mdomo ulinijaa maneno. Lakini mkono ukawa umeshafungua bahasha, maana nilitaka kuona amefika wapi na vilele vyangu.

Nikaona chati. Nikaona kilele kikubwa, kimesimama peke yake kama mnara, kwenye digrii ishirini na nane nukta nne.

Hapa lazima niwaeleze, maana hapa ndipo dunia ilipogeuka. Mwezi uliopita fundi alibadilisha taa ya mashine, na taa ikibadilishwa, kipimo kinaweza kusogea kidogo bila mtu kujua. Kwa hiyo baada ya kipimo namba sitini, ambacho kilikuwa cha vitamini tupu, nilifanya namba sitini na moja. Hicho nilichanganya vitamini na unga wa silikoni. Silikoni tunaijua, vilele vyake viko palepale siku zote, kila maabara, kila mashine. Ni kama unapiga picha umati usioujua, unamsimamisha katikati mtu mmoja ambaye urefu wake unaujua. Ukiona yeye kapungua, unajua picha imekosea. Nilipojiridhisha kwamba mashine iko sawa, nikarudi kufanya kazi na namba sitini. Sitini na moja ikabaki kwenye kompyuta bila kazi. Yote hayo yameandikwa kwenye daftari langu, kwa wino, ukurasa wa nyuma.

Shemeji hakufungua daftari. Aliona sitini, akaona sitini na moja, akachukua kubwa.

Nikageuza slaidi ya pili. Kumbe yule mtu wangu wa katikati, shemeji alikuwa amemhesabu kama mmoja wa umati! Alilazimisha kisanduku kiwe kikubwa mara mbili ili vilele vya silikoni vipate pa kukaa. Na kwa kuwa kisanduku kilikuwa kikubwa kuliko molekyuli, kukabaki uwazi ndani. Na uwazi ule, huyu mume wa dada yangu, aliujaza nini?

Maji.

Aliweka molekyuli nne za maji, amezichora kwa rangi ya buluu. Kwenye umbo kavu! Kwenye unga nilioukausha mimi mwenyewe siku tatu kwenye tanuri! Na mstari wa chini unaoonyesha tofauti kati ya hesabu na kipimo, ule mstari ambao ungepiga kelele, alikuwa ameuchora mdogo mpaka unaonekana kama uzi umelazwa.

"Vipi?" akaniuliza, anakunywa chai.

"Hapa kwenye 'tumebaini' umeandika 'tumebani'," nikasema.

"Unaona! Ndiyo maana nikakuletea."

Nikamsahihishia kurasa zote kumi na nane. Koma, nukta, herufi kubwa. Pale alipoandika kwamba maji hayo "huenda" yanashikilia muundo, nikamshauri afute "huenda". Nikamwambia inamwonyesha kama hana uhakika. Akafuta! Akanishukuru, akasema nina jicho. Najua mtasema ni roho mbaya. Ilikuwa roho mbaya, tena nilikaa nayo kama mtu aliyekaa na mgeni mzuri.

Lakini kujua mwenzako kakosea haitoshi, maana Profesa aliniuliza nimeleta nini. Nikawa na siku tano. Nikarudi kwenye namba sitini. Kisanduku kidogo, cha haki, nilikipata Jumapili mchana, sebuleni kwao, huku shemeji anajizoeza hotuba mbele ya kioo. "Waheshimiwa wageni," anaanza, anakohoa, anaanza upya. Kuweka molekyuli ndani ndiyo ilikuwa kazi. Vitamini hii ina kichwa bapa na mkia unaokunjika, na kompyuta inajaribu kuikunja huku na huku maelfu ya mara, kila mara inakupa namba ya kosa. Jumatatu namba ikagoma juu. Jumanne, saa nne na dakika kumi asubuhi, nipo chini kwenye chumba cha mashine, namba ikaporomoka. Ikaendelea kuporomoka. Nikapiga ukelele, fundi wa mashine akaja mbio na kizima moto.

"Kuna nini, binti?"

"Imekaa!"

"Nani kakaa?"

"Vitamini!"

Fundi wetu ni mzee aliyeitunza ile mashine tangu mimi nipo chekechea. Kila Jumatatu anaipima kwa silikoni, kila Jumatatu anaandika namba zilezile. Akaweka kizima moto chini, akasema ningesema mapema asingekimbia na goti lake lile.

Jumatano nikamalizia jambo moja. Nikapima unga wangu kwenye mizani, nikaupasha moto mpaka maji yoyote yangetoka, nikaupima tena. Uzito uleule. Hakukuwa na maji, hata ya kulowesha ulimi wa sisimizi. Nikaandika kwenye karatasi, nikaitia mfukoni.

Alhamisi ukumbi ukajaa. Wageni wawili wa kiwandani mbele, wamevaa tai. Walimu, wanafunzi, fundi nyuma karibu na mlango, Profesa pembeni. Dada alikuwa ameomba ruhusa shuleni, amevaa gauni la sherehe, amekaa kiti cha jirani na changu, amenishika mkono.

"Asante kwa kumwachia," akaninong'oneza. "Mungu atakulipa."

Mkono niliuacha hapohapo.

Na shemeji alisema vizuri! Lazima niseme. Sauti imeshuka, mkono mmoja mfukoni, anaonyesha kwa taa nyekundu. Alipofika kwenye maji yake ya buluu wageni wakaandika. Mmoja akauliza, "Kwa hiyo vidonge vyetu vinavunjika kwa sababu maji haya yanatoka?" Shemeji akasema, "Bila shaka yoyote." Bila shaka yoyote, jamani! Makofi. Dada akapiga mpaka bangili zikalia.

"Maswali?" Profesa akauliza.

Nikanyoosha mkono. Shemeji akatabasamu, maana alijua ni swali la nyumbani, la kumtekenya.

"Ndiyo, shemeji yangu. Samahani, ndiyo, mwenzetu pale."

"Asante, mtoa mada," nikasema. "Naomba uturudishe kwenye chati. Kile kilele kirefu, cha ishirini na nane nukta nne. Ni cha nani?"

"Ni cha vitamini."

"Na kile cha arobaini na saba nukta tatu?"

"Cha vitamini pia. Vyote ni vya vitamini, ndiyo mada."

Watu wakacheka kidogo, upande wake. Nikangoja wamalize.

"Na kile cha hamsini na sita nukta moja?"

Hapo nyuma nikasikia mlio, kama mtu amepaliwa. Ni fundi. Alikuwa ameziba mdomo kwa kofia na mabega yanatikisika. Zile namba tatu amekuwa akiziandika kila Jumatatu tangu nywele zake zikiwa nyeusi.

"Fundi, kuna tatizo?" Profesa akamuuliza.

"Hakuna, Profesa. Nimekutana na jamaa zangu tu, hapo ukutani." Akafuta machozi. "Hiyo ni silikoni. Zote tatu. Huyu bwana ametafuta muundo wa silikoni yangu."

Halafu mwanafunzi mmoja akacheka, wa pili akadaka, na kicheko kikatembea safu kwa safu. Mgeni wa kiwandani alikuwa anafuta alichoandika.

Profesa hakucheka. Alisimama, akasogea mpaka ukutani, akaitazama ile chati kwa karibu. "Na maji?" akauliza kwa ile sauti yake. "Maji umeyatoa wapi?"

"Yapo," shemeji akasema. "Hesabu inayataka."

"Nina namba za mizani hapa," nikasema, nikatoa karatasi yangu. "Unga huohuo, kabla ya moto na baada ya moto. Haujapungua chochote."

Hapo ningekuwa nimetosheka. Kweli. Lakini shemeji, badala ya kunyamaza akae, akaninyooshea kidole. Jasho linamtoka, ile taa nyekundu inacheza juu ya dari.

"Huyu ndiye aliyechafua!" akasema. "Muulizeni yeye! Kwa nini alitia silikoni asiseme? Mimi nimelichukua faili kwenye kompyuta yake nikijua ni safi! Kosa ni lake, yeye ndiye aliyepima, mimi sikupima hata kimoja!"

Nawaambia, sikuyapanga haya. Nilikuwa nimekuja na vilele vitatu na karatasi moja. Ushahidi kwamba kazi ni yangu sikuwa nao, na nilijua naweza kurudi nyumbani bila kuupata. Akanipa mwenyewe, kwa sauti, kwenye kipaza sauti cha chuo.

"Ulilichukua," Profesa akasema.

"Nili... tulikuwa..."

"Hukupima hata kimoja."

Profesa akanigeukia mimi. "Wewe. Wiki iliyopita nilikuuliza umeniletea nini."

Nikasimama. Ule mkono wa dada ulikuwa umeshauachia wangu, sijui saa ngapi. Nikapita mbele, nikachomeka fleshi yangu. Sikujiandaa kwa hotuba, nilisema kama ninavyowaambia ninyi: kisanduku hiki, molekyuli hizi, hakuna maji. Vidonge vinavunjika kwa sababu molekyuli zimejipanga matabaka matabaka, na tabaka linateleza juu ya tabaka kama karatasi. Kilele kwa kilele, mstari wa tofauti umelala, nimeuchora mkubwa kwa makusudi. Wageni wakafungua ukurasa mpya. Shemeji alikuwa amekaa kiti cha pembeni, ameshika chupa ya maji, haifungui.

Dada alinisubiri mlangoni.

"Ulijua lini?" akaniuliza.

"Jumamosi."

"Aliponiambia unamsahihishia?"

"Ndiyo."

"Ukamsahihishia koma."

"Ndiyo, dada."

Akaondoka na gauni lake la sherehe bila kuniaga. Jioni hiyohiyo nikahamia chumbani kwa rafiki yangu anayefanya kazi maktaba, na nguo zangu kwenye mfuko wa taka.

Ijumaa Profesa akaniita. Nafasi ni yangu. Nilitaka kuruka, lakini alikuwa hajamaliza.

"Siku tano uliona kosa ukanyamaza," akasema. "Wageni wangu wangeweza kuondoka na maji yale. Sitalisahau hilo, na wewe usilisahau." Kisha akanisogezea karatasi tupu. "Andika makala. Majina utapanga wewe. Mimi nitakuwa wa mwisho. Yeye ukimtia, atapata makala moja, na ataweza kumaliza. Usipomtia, muda wake unaisha mwezi huu. Sikuamulii. Unaonekana unaweza kuamua mambo mazito peke yako."

Mama akapiga simu, habari zimeshamfikia. "Mtie, mwanangu. Nyumba ya dada yako isianguke kwa ajili ya vumbi la manjano." Nikasema kamwe. Jumamosi akapiga tena, analia. Basi nikamtia. Jina langu la kwanza, Profesa mwisho, shemeji katikati, nikajiona mtakatifu mpaka nikajichukia.

Jana, Jumapili mchana, hodi kwenye mlango wa rafiki yangu. Dada. Ana ndoo yangu, ndani yake shuka zangu, zimefuliwa na kukunjwa. Nikajua amekuja kumwombea mumewe, nikaamua nimwahi.

"Nimemtia," nikasema kabla hajakaa. "Tazama." Nikamgeuzia kompyuta.

Akavaa miwani, akasoma kama anavyosoma daftari la mtoto mvivu. "Huyu wa katikati amefanya nini?"

"Dada, si shemeji huyo."

"Najua ni nani, nimeolewa naye. Nauliza amefanya nini."

"Alinifundisha kujaza kibomba."

"Mimi nilikufundisha kufunga kamba za viatu. Mbona simo?"

Akavua miwani.

"Aliniambia ulimpa," akasema. "Kila siku, wiki tatu, ananiambia mdogo wako ana moyo, alinipa kwa mikono yake. Nami nikaja kukuambia Mungu atakulipa. Halafu nasikia kwenye kipaza sauti, na gauni nimevaa. Miaka saba namchapia tasnifu yake, namtetea kwa mama, nasahihisha madaftari sitini kwa jioni moja ili yeye asome. Mimi, mwalimu! Mtoto akinakili kwa mwenzake namjua kwa kumtazama tu masikio. Wa nyumbani kwangu sikumjua." Akavuta kiti. "Kitufe cha kufuta ni kipi?"

"Dada, mama atasema..."

"Mama nitamwambia mimi. Kitufe kipi?"

Nikamwonyesha. Alilifuta herufi moja moja, bila haraka, kama anavyofuta ubao. Alipofika kwenye herufi ya kwanza akasimama kidogo, nikadhani atarudi nyuma. Akafuta.

"Tuma," akasema.

"Leo Jumapili."

"Tuma mimi nikiwa hapa."

Nikatuma kwa Profesa. Safari hii tuliamua wawili. Dada akavua viatu, akapanda kitandani, akaegemea ukuta.

"Haya, nionyeshe huyo mdudu mwenyewe. Miaka yote mnabishana mezani kwangu, sijawahi kumwona."

Nikamfungulia picha, nikaizungusha polepole. Kichwa bapa cha moja, mkia wa nyingine, kichwa, mkia. Akaitazama muda mrefu.

"Zimelala mzungu wa nne," akasema.

Miaka miwili natafuta namna ya kulisema hilo kwa maneno machache! Nikaanza kucheka, yeye naye akacheka, na simu yake ikaita. Jina la shemeji likawaka kwenye kioo. Dada akaitazama, akaigeuza kifudifudi juu ya shuka, akasema, "Izungushe tena, ile ya pembeni sijaiona vizuri."